Nzuri, Ila

Mfumaji alikuwa kazini tangu alfajiri, na ukumbi mzima wa Taasisi ya Kinga ya Mindu ulinuka spiriti na chuma kilichopata moto. Alikuwa mtambo mrefu kuliko basi, ubavu wake wote kioo. Ndani ya kioo hicho, katika maji mazito ya rangi ya asali, sindano ndogo zisizoonekana kwa macho zilikuwa zikifuma chanjo uzi kwa uzi.

Ugonjwa uliomweka Mfumaji kazini ulikuwa na jina refu la kitaalamu, lakini mitaani Morogoro watu waliuita Kaba, kwa sababu ndivyo ulivyofanya. Mtu alikuwa akizungumza nawe vizuri jioni, asubuhi yake amekabwa koo, yuko kwenye mashine ya hewa. Ulikuwa mjukuu wa ile korona ya zamani iliyosimuliwa na mababu. Mfumaji alisoma maumbile ya kirusi, akachagua vipande vya miiba yake, ile ambayo kirusi hutumia kujishikiza kwenye chembe za mapafu, kisha akafuma miiba ya bandia isiyo na sumu. Mwili ukiiona hujifunza kupigana kabla adui mwenyewe hajapiga hodi. Enzi za mababu kazi hiyo ilichukua karibu mwaka mzima, na watu wakashangilia kwamba ni haraka ajabu. Mfumaji aliimaliza, wiki kadhaa kabla ya siku hii, kati ya kifungua kinywa na chakula cha mchana.

Kwa hiyo kufuma hakukuwa tatizo tena. Tatizo lilikuwa lile lile la zamani: utajuaje kwamba ulichofuma hakitamdhuru mtu? Hilo lilikuwa swali la Dokta Leokadia Banzi, mkuu wa usalama wa chanjo, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye tabia ya kusema haraka na kutembea haraka zaidi. Siku hiyo, baada ya chakula cha mchana, alitakiwa kuweka kiganja chake juu ya kioo cha kibali mbele ya kamera za nchi nzima. Kiganja kikigusa kioo, milango ya ghala ingefunguka, na ndegemzigo zilizopangwa juu ya paa zingeruka na dozi kwenda Tabora, Songea, Bukoba, kila kona. Kisipogusa, hakuna hata chupa moja ambayo ingetoka.

"Dokta, Msalimu ameleta ripoti ya mwisho," alisema Mhandisi Tumsifu, mkuu wa mitambo, akimfuata kwenye korido huku akijitahidi kwenda sambamba naye.

"Anasemaje?"

"Wote wazima. Homa za siku mbili tatu, maumivu ya bega, basi. Waliobaki ni nzuri, salama, hatujambo. Tangu nianze kazi hii sijaona chanjo safi namna hii." Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. "Kaka Elirehema ananipigia kila siku, dokta. Anauliza swali moja tu: lini?"

Elirehema, kaka mkubwa wa Tumsifu, alikuwa muuguzi katika hospitali ya mahema pale uwanjani, akiwageuza wagonjwa wa Kaba kitandani kutwa nzima. Alijitolea kuchanjwa mwanzo, lakini kura haikumwangukia. Kila siku alivaa barakoa mbili, akasali, akaingia kazini.

"Mwambie leo," Leokadia alijibu. "Mwambie dozi za kwanza zitashuka palepale uwanjani."

Huyo Msalimu alikuwa mtambo wa pili wa taasisi, na hakuwa na mwili. Alikuwa sauti tu. Maelfu ya watu walikuwa wamejitolea kuchanjwa kabla ya wengine, na kila asubuhi Msalimu aliwapigia wote kwa mpigo kupitia simusikio, kidude kidogo kama punje ya mahindi ambacho kila mtu siku hizo alikivaa sikioni. Bangili za afya ziliwapima joto, mapigo ya moyo na hewa iliyomo kwenye damu. Lakini yapo mambo ambayo bangili haiwezi kuyajua mpaka mwenye mwili aseme, kama kizunguzungu, usingizi uliopotea, au maumivu yanayohamahama. Hayo ndiyo Msalimu aliyoyatafuta.

Leokadia ndiye aliyesisitiza kwamba ayatafute kwa adabu. Toleo la kwanza, lililonunuliwa nje, lilikuwa likianza moja kwa moja: "Je, umepata dalili zozote?" Watu walichukia. Bibi mmoja wa Kilosa alilijibu kwamba hata polisi wakija kumkamata mtu humwamkia kwanza, kisha akakivua kidude sikioni na kukitupa kwenye maji ya vyombo. Basi Leokadia akaketi na mtambo na kuufundisha: shikamoo kwa wakubwa, hujambo kwa wadogo, habari za kuamka, habari za nyumbani. Watu wakampenda Msalimu kufa. Wapo waliowaambia majirani kwamba mtambo ule umelelewa vizuri kuliko wakwe zao.

Ofisini kwake Leokadia alikuta kifurushi kilichotoka Mgeta, akajua kilichomo kabla hajakifungua. Shangazi yake, Modesta, ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, naye alikuwa ameahidi kumshonea gauni la siku hii. Nguo wakati huo zilichapwa dukani. Unasimama, mwanga unakupima, unatoka umevaa. Shangazi Modesta alibaki na cherehani yake ya kukanyaga, na bado wateja walipanda milima kumfuata kwa sababu moja tu: mshono wake ulinyooka. Hakutumia chaki wala rula. Mguu ulikanyaga, mkono ukasukuma kitambaa, na mshono ukaenda palepale alipotaka uende.

Gauni lilikuwa la kitenge cha buluu, zuri mno. Leokadia alilitandaza mezani, akaligeuza ili alione pindo, akatabasamu. Kisha tabasamu likamwishia usoni.

Mshono ulikuwa umepinda. Ulikwenda vizuri kidogo, ukaacha njia, ukarudi, ukaacha tena. Kando yake palikuwa na matundu ya sindano, safu juu ya safu, mahali ambapo nyuzi zilifumuliwa na kushonwa upya.

Uzee, aliwaza mara ya kwanza. Macho. Lakini shingoni mwa gauni kulikuwa na tarizi ya mkono, vidoti vidogo vidogo vilivyopangwa kwa ufundi uleule wa siku zote, hata kimoja hakikukosea. Macho yalikuwa mazima, na mikono pia. Kilichobaki ni mguu.

Akagusa sikio lake, akampigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko?"

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu."

Kwa kawaida hapo ndipo Leokadia aliposema "haya shangazi, nitakupigia baadaye" na kukata. Miezi yote ya Kaba walikuwa wakizungumza hivyo, na kila mara aliondoka akiamini amemjulia hali. Leo pindo lilikuwa mapajani mwake, na hakuwa na neno la kusema. Akanyamaza.

"Ila miguu tu," Shangazi Modesta akasema.

"Miguu imefanya nini?"

"Imelala. Ilianza vidoleni, kama vile mtu ameukalia mguu. Sasa ganzi imepita magoti. Nakanyaga cherehani, sisikii kama nakanyaga. Gauni lako nimelifumua mpaka nikaona haya. Utanisamehe, mama."

"Tangu lini, shangazi?"

"Tangu wiki ile baada ya sindano yenu."

Leokadia alisimama bila kujua kwamba amesimama. "Shangazi! Mbona hukumwambia Msalimu?"

"Nimemwambia. Kila asubuhi namwambia. Ananiamkia vizuri, ananiuliza habari, nasema nzuri, ila... Mara ananishukuru, ananitakia siku njema, ameshaondoka. Nikasema ana watu wengi. Nawe una watu wengi, mwanangu, sikutaka kukusumbua."

Alimwomba shangazi yake asinyanyuke kitini, akampigia rubani wa ndege ya wagonjwa aelekee Mgeta mara moja, kisha akatoka mbio. Alijua ganzi ya namna hiyo hupandaje. Ikifika kifuani, pumzi husimama.

Njiani kichwa chake kilikuwa kikirudia neno moja. Nzuri. Nani kwetu huulizwa habari akajibu mbaya? Mtu aliyefiwa jana atakujibu nzuri. Aliyeunguliwa na nyumba atakujibu salama, ila nyumba imeungua. Nzuri ni mlango tu. Habari yenyewe imekaa nyuma ya ila, na anayesalimia hungoja mpaka ifike. Hakuna mtoto anayefundishwa jambo hili, na ndiyo maana Leokadia, alipoketi kuufundisha mtambo, hakulikumbuka. Alikuwa ameufundisha kubisha hodi na kuondoka kabla mlango haujafunguliwa.

"Nipe sauti," alimwambia Tumsifu, akiingia chumba cha mitambo anahema. "Sitaki maandishi. Sauti zenyewe, mpaka mwisho wa simu."

"Sauti za nani?"

"Za yeyote!"

Tumsifu alianza kuzitafuta huku akimtazama kwa wasiwasi. "Simu zenyewe fupi sana, dokta. Mitandao ya milimani ilikuwa inazidiwa, watu wote wale kwa mpigo. Nikamwelekeza Msalimu kwamba akishapata jibu, na bangili haionyeshi homa, ashukuru na akate."

"Jibu ni lipi?"

"Nzuri. Salama. Sija..." Tumsifu hakumaliza. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya mzee. "Nzuri, ila..." Msalimu akamdaka kwa upole wake wote: "Asante kwa ushirikiano wako. Nakutakia siku njema."

Ya pili ilikuwa ya mama mwenye mtoto analia karibu yake. "Salama baba, isipokuwa hii mi..."

"Asante kwa ushirikiano wako."

"Hatujambo kabisa, tatizo ni..."

"Asante."

"Njema. Sasa naomba nikuulize, hii ga..."

"Nakutakia siku njema."

Wengine walisema nzuri wakaishia hapo, wazima kweli. Lakini kila baada ya sauti kadhaa ilitokea nyingine iliyokatwa shingo katikati ya neno, na Msalimu akiishukuru. Tumsifu alivua miwani, akaiweka mezani, akaufunika uso kwa mikono.

Hivyo ndivyo Profesa Salha Mtawali, mkurugenzi wa taasisi, alivyowakuta. Alikuwa amevaa kwa sherehe, mtandio wa hariri begani, manukato yake yakimtangulia.

"Leokadia, hujavaa? Waziri ameshavuka Mikese."

"Profesa, sitaweka kiganja."

Alieleza kwa maneno machache, akamwekea sauti tatu azisikie. Profesa Salha alisikiliza amesimama. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa na hasira.

"Jana pale uwanjani mahema yalijaa, wakaanza kulaza watu kanisani. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Chanjo yako inazuia Kaba au haizuii?"

"Inazuia. Waliochanjwa hawaugui."

"Basi kwa ajili ya ganzi ya watu wachache..."

"Hatujui kama ni wachache, Profesa. Hatujawauliza."

Walitazamana. Wanawake hawa wawili walikuwa wamefanya kazi pamoja tangu Leokadia akiwa mwanafunzi, na hawakuwahi kutazamana hivyo. Mwishowe Profesa Salha akavuta kiti. "Waulizeni, basi. Sasa hivi, nikiwa hapa."

Tumsifu alichagua watu kwa bahati nasibu kutoka kila mkoa, kisha akambadilishia Msalimu maelekezo. Yalikuwa mafupi: ukijibiwa nzuri, nyamaza.

"Anyamaze kwa muda gani?" aliuliza.

"Mpaka mtu mwenyewe aseme 'haya'," Leokadia alisema. "Yeye ndiye wa kukata."

Wakaiachia sauti ijaze chumba.

"Shikamoo. Habari za mchana?" alisema Msalimu.

"Marahaba. Nzuri tu," alijibu mwanamume fulani wa Dumila.

Kimya. Kimya kikaendelea, mpaka yule bwana akacheka kidogo.

"Leo huna haraka? Haya, ngoja nikwambie basi. Nzuri, ila hii miguu haijanipa raha. Na tangu jana hata kifua kama kimefungwa kamba."

Leokadia hakungoja asikie zaidi. Alishaagiza ndege ya pili kwenda Dumila. Sauti ziliendelea kumiminika, moja juu ya nyingine, na mtambo ukazipanga kwa maneno: ganzi, miguu, vidole, nimeanguka bafuni, chai imenimwagikia mguuni sikuisikia. Ukutani ramani ya nchi ilianza kuwaka vidoti vyekundu, kimoja Iringa, viwili Singida, kisha havikuhesabika tena. Hakuna aliyelalamika wala kumtukana Msalimu. Wote walianza kwa nzuri.

"Ni mtu mmoja kati ya kila hamsini," Tumsifu alisema mwishowe.

"Piga hesabu ya nchi nzima," Profesa Salha alisema, kisha akainua mkono kumzuia. "Acha. Nimeshapiga." Alivua mtandio, akaukunja polepole mapajani. "Mfumaji atahitaji muda gani?"

"Kufuma upya, nusu siku," alijibu Leokadia. "Kuna uzi mmoja, naamini, unaofanana na ala inayofunika neva za miguu. Mwili unajifunza kumchukia kirusi na unajichukia wenyewe hapohapo. Tutautafuta tuutoe. Lakini baada ya hapo lazima tuchanje watu upya na tungoje. Ni wiki, Profesa. Wiki kadhaa."

"Na uwanjani?"

Jibu walilijua wote watatu. Profesa Salha aliinuka kwenda kumlaki waziri getini na kumwambia hakuna sherehe. Kiganja cha Leokadia kilikuwa kimelowa jasho. Alikifuta kwenye suruali.

Simu ya Tumsifu ililia kabla mlango haujafungwa. Alisogea dirishani, lakini chumba kilikuwa kidogo.

"Kaka... Nzuri, kaka... Hapana. Si leo." Akasikiliza. "Sijui lini. Kaka, vaa barakoa tatu. Tafadhali."

Elirehema alisema "haya", akarudi kazini.

Uzi wenye kosa ulipatikana siku ya pili, mfupi mno, katikati ya mwiba ambao Mfumaji aliupenda kuliko yote kwa uimara wake. Waliutoa. Waliochanjwa mwanzo wakatafutwa mpaka vijijini, na wengi miguu yao ilianza kurudi walipotibiwa mapema. Yule bwana wa Dumila alikaa kwenye mashine ya hewa, akatoka mzima. Wachache hawakuwahiwa. Kundi jipya likajitolea, na Msalimu akawapigia kila asubuhi, akinyamaza kwa subira mpaka watu wakamzoea na kuanza kumweleza hata habari za mifugo na za ndoa zao. Tumsifu alizisikiliza zote, za mifugo na za ndoa, hakuruka hata moja.

Kaba nayo haikusubiri. Mahema yaliongezwa mpaka nje ya uwanja. Elirehema alishikwa siku ya Jumatatu, akiwa zamu, na hakufika Ijumaa.

Siku ya mazishi Leokadia alisimama nyuma kabisa. Alikuwa amejiandaa kulaumiwa. Lakini baada ya udongo kufukiwa Tumsifu alimfuata, akampa mkono kwa mikono miwili, akamuuliza, "Umefikaje, dada? Njia nzuri?" Hakusema jambo lingine. Laiti angelaumu. Chanjo mpya ilikuwa imebakiza siku chache tu kukamilika, kila ripoti safi, safi kweli safari hii, na kila aliyekuwa pale makaburini alilijua hilo.

Kutoka hapo Leokadia alikwenda moja kwa moja hospitali ya mazoezi ya viungo, na buti zake bado zina udongo. Shangazi Modesta alikuwa na chumba chenye dirisha linaloitazama milima. Mguu wa kushoto ulikuwa umeamka. Kuhusu wa kulia, madaktari hawakuahidi kitu. Aliwasumbua wauguzi mpaka wakamletea cherehani yake, na sasa alikuwa akikanyaga kwa mguu mmoja, taratibu, lile gauni la buluu likipita chini ya sindano. Mshono ulikuwa bado unapinda, lakini si sana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Leokadia alibaki mlangoni, mkoba begani, tayari kuondoka. Taasisi walikuwa wakimngoja. "Unaendeleaje?"

Shangazi Modesta hakujibu. Aliacha kukanyaga, gurudumu likazunguka mara chache na kusimama. Akaweka mikono miwili juu ya kitambaa, akamtazama binti wa kaka yake kuanzia usoni mpaka kwenye udongo wa buti, akangoja.

Leokadia alifungua mdomo aseme "haya". Halikutoka. Chumba kilikuwa kimya, na kimya hakikuwa na haraka yoyote.

"Ila," alisema, na sauti ikamkatika hapohapo.

"Ehe," alisema Shangazi Modesta, akivuta kiti cha pili kwa mkono kikae karibu na chake. "Njoo ukae. Nakusikiliza."